Mkigawana Nyumba, Mhesabuni na wa Tatu

Wajukuu zangu,

Nawaandikia popote mlipo: nyinyi wa Dar es Salaam, wewe uliyeolewa Mombasa, na wewe uliyekwenda Uingereza kwa miaka miwili ambayo haijaisha hadi leo. Bibi yenu nipo hapa Morogoro, magoti yamegoma lakini kichwa bado kinapiga hesabu. Najua mtu wa umri wangu akisema anaandika wosia, watoto husogeza viti wakidhani anagawa shamba. Shamba lina karatasi yake kwa wakili, itasomwa siku yake. Haya nayaandika yasomwe nikiwa hai, ili mwenye swali aulize.

Nataka tuzungumze juu ya nyumba mnazojenga na wenzi wenu, na siku ambayo, Mungu apishe mbali, mtalazimika kuziuza kwa sababu ndoa imekwisha. Msikunje nyuso. Kwenye kicheni pati zenu niliketi tangu mchana hadi usiku, nikasikia mafundisho ya jikoni, ya chumbani na ya kuishi na mawifi. Kwenye sendofu wazee walisimama mmoja mmoja wakahimiza uvumilivu. Hakuna aliyesema: tunzeni risiti za saruji.

Baada ya kustaafu ualimu nilikaa muda mrefu kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa la kata. Pale ndipo safari ya talaka inapoanzia, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, kwa kawaida, baraza lijaribu kwanza kuwapatanisha, likishindwa liandike kwamba limeshindwa, ndipo shauri liende mahakamani. Nimewaona wengi wakiondoka na fomu yao, na baadhi nimekutana nao tena miaka baadaye, sokoni au msibani. Mtadhani wenye uchungu ni wale walionyimwa nyumba. Wengi niliowasikia wakilalamika ni wale waliopewa. Walipigania nyumba, wakaipata, wakaja kuiuza, na siku ya kuuza ndipo walipojua kwamba mgawanyo ule ulikuwa wa watu watatu na wa tatu hakuwa amekaa mezani.

Wa tatu ni Mamlaka ya Mapato. Simchukii. Mshahara wangu wa ualimu ulitoka kwake na pensheni yangu inatoka huko huko. Ninachotaka ni mumhesabu mapema, kabla hajajihesabu mwenyewe.

Hapa kwetu Tanzania, mkazi akiuza ardhi au jengo kwa faida, faida ile inatozwa asilimia 10. Faida ni bei ya kuuzia ukitoa gharama ulizotumia kuipata mali, kuijenga, kuiboresha na kuiuza. Nyumba ya kuishi ina nafuu yake: kama umeimiliki miaka mitatu au zaidi, na umeishi humo jumla ya miaka mitatu au zaidi hata kwa vipindi, faida isiyozidi shilingi milioni 15 haitozwi. Nafuu nzuri kwa maneno. Lakini nendeni Goba, Kigamboni au hata hapa Kihonda, muulize nyumba iliyojengwa miaka kumi iliyopita inauzwaje leo. Milioni 15 za faida zinapitwa bila mwenye nyumba kupaka hata rangi, na zikipitwa, nafuu nayo imekwenda. Tena sheria haiulizi shilingi ile ya zamani ilikuwa na nguvu gani. Milioni uliyonunulia tofali mwaka 2008 inatolewa kwenye hesabu kama milioni ile ile, ingawa leo haijazi hata lori moja kama ilivyojaza wakati ule. Kwa hiyo sehemu ya hiyo inayoitwa faida ni bei za vitu tu zilizopanda. Mnaweza kulalamika, nami nitalalamika pamoja nanyi, lakini siku ya kulipa mtalipa.

Sasa shikeni kalamu. Tuseme mume na mke walinunua kiwanja Goba mwaka 2008 kwa milioni 4. Wakajenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu, kuta mwaka kesho, bati likaja lilipokuja, mpaka 2014 wakahamia. Ujenzi ulikula milioni 46. Jumla ni milioni 50. Wakaishi, wakazaa, wakagombana, wakaachana. Leo mthamini anasema nyumba ni milioni 130.

Mahakama inasema wagawane nusu kwa nusu. Mke hataki kuwahamisha watoto, anasema atabaki na nyumba na kumpa mwenzake milioni 65, labda kwa mkopo wa kazini, labda kwa kumwachia mume viwanja vingine na gari. Wote wanaona haki imetendeka. Milioni 65 huku, milioni 65 kule.

Miaka miwili baadaye mkopo unamlemea, mke anaamua kuuza. Anapata mnunuzi kwa milioni 130 zile zile. Ukitoa milioni 50, faida ni milioni 80, na asilimia 10 yake ni milioni 8. Nani analipa? Yeye, peke yake. Mume alikwishachukua milioni zake 65 safi. Mke akitoa kodi na zile alizomlipa mume, anabaki na 57. Dalali naye hajachukua chake. Nyumba iliyokuwa ya wawili tangu tofali la kwanza, kodi yake imemwangukia mmoja. Wangemhesabu wa tatu siku ya kugawana, wangesema: nyumba hii mkononi ni milioni 122, kila mmoja ana 61. Tofauti ya milioni nne si ya kudharau. Ni ada za shule.

Mtaniuliza: mbona mume hakutozwa alipomwachia mke nusu yake? Hapo kuna kifungu ambacho walio wengi hawakijui, na ninataka mkielewe vizuri. Sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2004 inasema mtu akimhamishia mali mwenzi wake au aliyekuwa mwenzi wake kama sehemu ya makubaliano ya talaka, au ya makubaliano ya kweli ya kutengana, na yule anayepokea akachagua kwa maandishi kwamba kifungu hicho kitumike, basi anayetoa anahesabiwa kama ametoa kwa gharama ile ile aliyoingia. Hapati faida wala hasara, kwa hiyo hatozwi. Ni huruma ya sheria, na huruma hiyo ina mkia. Anayepokea anarithi gharama ile ile ya zamani. Faida ya miaka yote inabaki imelala ndani ya kuta, inamsubiri atakayeuza. Kodi haijafutwa, imehamishwa pamoja na nyumba.

Mkisoma tena sentensi ile mtaona mlango mwingine wa hatari: kwa maandishi. Nimeona waume waungwana kabisa, wanaotamka talaka sebuleni asubuhi na kumkabidhi mke funguo jioni mbele ya wazee. Ukarimu mkubwa, karatasi hakuna. Hakuna amri ya mahakama, hakuna makubaliano ya kutengana yaliyosainiwa, hakuna barua kwa Kamishna wa kodi. Nyumba ikija kubadilishwa jina, afisa wa kodi ana haki ya kuuliza hii ni nini: ni zawadi, ni mauzo, au ni mgawanyo? Asipoonyeshwa mgawanyo anaweza kuihesabu kwa bei ya soko, na hapo hata aliyetoa bure anaambiwa amepata faida. Kwa hiyo hata kama mmeachana kwa heshima na mnakunywa chai pamoja, nendeni mkaandike.

Niwape na habari ya Bi Hawa Mohamed, maana wasichana wenye umri wenu hawaijui. Alimdai mumewe, Ally Sefu, haki katika mali walizochuma, na shauri likafika Mahakama ya Rufani mwaka 1983 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Kabla ya shauri hilo majaji walikuwa wamegawanyika. Wako waliosema mke aliyekaa nyumbani hakuchuma kitu, kupika na kulea ni wajibu wake tu. Mahakama ya Rufani ikasema hapana, kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali na zihesabiwe. Tangu siku hiyo mwanamke wa Tanzania anaweza kusimama mbele ya hakimu akasema nilifua, nilipika, nililea, na hilo likawa na thamani. Bi Hawa mwenyewe, kwa masikitiko, hakuondoka na nyumba: mahakama iliona alikwishapewa fedha na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia akazitumia vibaya. Alifungua njia wakapita wengine.

Sasa sikilizeni tofauti. Jasho la Bi Hawa linahesabiwa mahakamani. Kwenye kaunta ya kodi halihesabiwi. Ulichota maji ya kumwagilia tofali miezi mitatu, ulipikia mafundi uji na maharage, ulilala kwenye jengo lisilo na milango kulinda bati lisiibwe. Hakimu atakusikiliza na pengine atakupa nusu. Ukienda kuuza, afisa atakuuliza swali moja tu: gharama ziko wapi? Anataka karatasi. Na karatasi, katika nyumba nyingi nilizozijua, ziko kwa mume. Yeye ndiye aliyekwenda duka la vifaa, risiti zikaandikwa jina lake, zikalala kwenye begi lake, na siku alipoondoka akaondoka na begi. Mke akabaki na nyumba isiyo na historia.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii mmeisikia tangu chekechea na hamkuamini kwamba ni ya kwenu. Kwa hiyo fungueni daftari siku ya kulipia kiwanja. Risiti hizi za mashine za EFD zina ubaya mmoja: wino wake unafifia. Nina moja hapa mezani, ya nondo na mifuko ya saruji, imebaki karatasi nyeupe yenye kivuli cha tarakimu, huwezi kusoma hata jina la duka. Zitoleeni nakala siku hiyo hiyo, mpige na picha kwa simu, picha iende kwa mume na kwa mke wote wawili. Fundi hatoi risiti, najua, nami sijaona fundi wa kupiga lipu mwenye mashine. Basi aandikwe kwenye daftari: tarehe, kazi, kiasi, jina, namba ya simu, asaini au aweke dole gumba. Mkimlipa kwa simu, ujumbe wa muamala msiufute. Hati ya mauziano ya kiwanja iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa iwe na majina ya wote wawili. Kama haina, angalau jina la mwenzi liwemo kama shahidi.

Najua kuna mmoja wenu, na simtaji, ameshapiga hesabu nyingine kichwani. Sheria ya fedha ya mwaka 2023 ilileta utaratibu kwamba mkazi asiye na kumbukumbu za gharama atozwe asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Asilimia 3 ya milioni 130 ni milioni 3.9. Mwenye risiti analipa milioni 8, asiye nazo analipa chini ya nusu yake. Kwa hiyo bibi, tuzichome?

Hapana. Nafuu ile ni ya asiyekuwa nazo, na aliye nazo akasema hana anamdanganya Kamishna. Achana na dhambi kwanza, tazama akili: duniani kuna mtu mmoja anayejua kwa hakika kwamba risiti zile zipo, na mtu huyo ndiye uliyeachana naye. Utalala usingizi gani? Halafu hesabu yenyewe inageuka. Mliojenga juzi kwa bei za juzi, nyumba iliyokula milioni 100 ikauzwa 110, faida ni milioni 10. Kama mmeishi humo miaka mitatu hamdaiwi hata senti. Msipokuwa na karatasi mtatozwa asilimia 3 ya 110, yaani milioni 3.3, kwa kitu ambacho hamkudaiwa. Na risiti hizo hizo ndizo zitakazomwonyesha hakimu nani alitoa nini. Aliyeachwa bila karatasi kwa kweli, huyo asione haya kutumia asilimia 3. Imewekwa kwa ajili yake.

Kuna mchezo mwingine unaoitwa mkataba wa bei mbili. Mnunuzi anatoa milioni 130, mkataba unaandikwa 60, na dalali anakuhakikishia kwamba kila mtu anafanya hivyo. Kwenye talaka mchezo huu una sumu zaidi, kwa sababu anayeandika 60 anamwibia wa tatu na wa pili kwa kalamu moja. Mke aliyeamriwa kupata nusu ya mauzo ataonyeshwa mkataba na kupewa 30, na akienda kulalamika mkataba ndio ushahidi. Kwa bahati, thamani hupitiwa na kuidhinishwa na mthamini wa serikali, kwa hiyo uongo wa wazi huwa haufiki mbali. Unayeuza kwa amri ya mahakama, dai uwepo wakati wa kusaini na fedha zipite benki. Na kama ndoa bado haijavunjwa, mjue kwamba nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Ukisikia harufu ya kuuzwa kwa siri, kimbilia ofisi ya ardhi ukaweke zuio.

Wewe wa Mombasa, kwenu hesabu ni nyingine. Kodi hii ya faida ilirudishwa Kenya Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15, kubwa kuliko yetu. Lakini nafuu yenu nayo ni kubwa kuliko yetu: nyumba aliyoishi mwenyewe mfululizo miaka mitatu kabla tu ya kuihamisha haitozwi, bila kikomo cha faida. Na kuhamishiana kwa makubaliano ya talaka hakutozwi. Mtego wenu upo kwenye neno mfululizo. Watu wanatengana, wote wawili wanahama kwa hasira, nyumba inapangishwa, kesi inazunguka miaka minne, wakija kuuza hakuna aliyeishi humo. Mmoja angebaki, hata kwa kununiana, ile asilimia 15 ya sehemu yake isingekuwepo. Na usidhani nusu ni yako moja kwa moja. Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema Januari 2023 kwamba usawa katika ndoa haumaanishi kugawana nusu kwa nusu, kila mmoja aonyeshe mchango wake, na kulea watoto kumo katika mchango huo.

Wewe wa Uingereza, huko wamelegeza kidogo. Tangu Aprili 2023 walioachana wana hadi miaka mitatu baada ya mwaka wa kodi waliotengana kuhamishiana mali bila kodi kuwashukia, na kama uhamisho uko ndani ya makubaliano rasmi ya talaka hakuna ukomo wa muda. Mkiuza na kodi ikadaiwa, mna siku 60 za kuitangaza na kuilipa. Ninalohofia zaidi ni ile nyumba mnayojenga Bagamoyo kwa fedha za kutumiana. Wewe ni mkazi wa huko, kwa hiyo wanaangalia faida yako ya popote duniani, na sisi huku asiye mkazi tunamtoza zaidi ya hiyo asilimia 10. Nyumba moja, serikali mbili. Mtafuteni mshauri wa kodi wa huko kabla, msingoje mgombane.

Namaliza na wewe wa Kimara, ambaye shauri lako liko mahakamani na wote tunajifanya hatujui. Nimesikia mmekubaliana ubaki na nyumba. Usisaini bado. Kwanza atafutwe mthamini aliyesajiliwa, asiwe yule aliyeletwa na upande wa mwenzako, na akishatoa thamani, mkokotoe kodi kama vile mnauza kesho, muitoe kwanza, ndipo mgawane kinachobaki. Mwenzako akisema huna mpango wa kuuza, mwambie sawa, basi iandikwe kwamba ukiuza ndani ya miaka mitano kodi ya faida iliyokuwepo siku ya talaka mtachangia nusu kwa nusu. Anayekataa yote mawili amekwishajua hesabu. Kwenye makubaliano hayo hayo iandikwe kwamba anakukabidhi risiti, michoro, kibali cha ujenzi na hati ya kununulia kiwanja, kila karatasi ikitajwa kwa jina lake. Usikubali maneno nyaraka zote husika, hayo ni maneno ya mtu anayetaka kusahau.

Baada ya amri kutoka, andika barua yako kwa Kamishna kwamba umechagua uhamisho uhesabiwe chini ya kifungu cha wenzi walioachana, uambatishe amri na makubaliano. Siku ukija kuuza kweli, kumbuka msajili wa hati habadilishi jina mpaka aone kodi imelipwa, na mnunuzi mwenye akili hatoi salio mpaka jina libadilike. Kwa hiyo malipo ya kwanza kwenye mkataba yasipungue kodi, usije ukakopa kwa riba ili uuze nyumba yako mwenyewe. Barua ile ya Kamishna iwe na nakala mbili, zote zigongwe muhuri wa kupokelewa. Moja ibaki kwako, usimwachie wakili, na picha yake unitumie mimi.

Bibi yenu,
Morogoro